Humusi ya mtoto mwenye mzio wa ufuta: bakuli liwe moja

BARUA

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni mama wa watoto wawili, wa kiume ana miaka 4 na mdogo wake ana miezi 5. Nakuandikia kuhusu huyu mkubwa. Alipokuwa na miaka 2 alikula kipande cha mkate ulionyunyiziwa ufuta juu. Haikupita nusu saa midomo ikavimba, mabaka yakamtoka mwili mzima, akatapika mpaka akalegea mikononi mwangu. Tulimkimbiza hospitali, akachomwa sindano ya adrenalini, Mungu akasaidia akapona. Baadaye daktari wa mzio alimpima ngozi na damu, akasema ana mzio wa ufuta na wa karanga. Tukapewa kalamu mbili za adrenalini, zile sindano za dharura, na tangu hapo haziachani na mkoba wangu.

Sasa tatizo langu ni humusi, ile rojo ya kuchovyea mkate inayotengenezwa kwa dengu na tahini, yaani ufuta uliosagwa. Mume wangu hamalizi wiki bila humusi, huitengeneza mwenyewe, na tahini haikosekani kabatini. Zamani mtoto alikuwa hajali. Siku hizi akituona tunachovya, anakuja na kipande chake cha mkate mkononi, anasimama pale mezani kusubiri zamu yake. Tukimwambia hii si yako, analia. Juzi alimuuliza baba yake, "Mimi nimefanya nini?" Shangazi, swali hilo lilinikata maini.

Nimeamua kumtengenezea humusi anayoweza kula, lakini kila ninayemuuliza ana lake. Dada yangu anasema dengu na karanga ni ukoo mmoja, nisithubutu kumpa. Nikatoa karatasi ya vipimo nikaangalia, kweli kipimo cha damu kinaonyesha dengu "chanya kidogo". Lakini mtoto huyu amekula mchuzi wa dengu tangu anaanza kula, na ameendelea kuula hata baada ya mkasa ule, hajawahi kujikuna. Kwa hofu nimemwachisha wiki hizi chache.

Mama mkwe naye anasema tunamlea mtoto kama yai. Anataka nimpe tahini kidogo kwenye ncha ya kidole kila siku ili mwili uzoee, na anasema madaktari wenyewe ndiyo wanavyoshauri siku hizi. Mume wangu anaona tumtengenezee mtoto bakuli lake dogo, sisi tubaki na letu, blenda tuioshe vizuri, basi.

Nieleze, Shangazi. Dengu nimpe au nisimpe? Badala ya tahini niweke nini, isije ikawa uji wa dengu? Blenda hiyo hiyo inafaa? Na huyu wa miezi 5, naye nimkinge na ufuta?

Mama mwenye hofu

JIBU

Marahaba, mwanangu.

Nianze na la ncha ya kidole, maana hilo haliwezi kusubiri. Usimpe. Hata tone, hata kwa kujaribu, hata mama mkwe akiwa amekaa pembeni na kalamu ya adrenalini mkononi.

Ila usimwone mama mkwe kama mjinga. Amesikia jambo la kweli, tatizo ni kwamba halimhusu mjukuu wake huyu. Mwaka 2015 ulichapishwa utafiti uliofanyika Uingereza, unaojulikana kwa jina la LEAP, uliofuatilia watoto wachanga zaidi ya 600 waliokuwa katika hatari kubwa ya kupata mzio wa karanga. Waliolishwa karanga mapema na mara kwa mara walipofika miaka 5 walikuwa na mzio huo kwa kiasi kidogo mno wakilinganishwa na waliozuiwa. Tofauti ilikuwa kama asilimia 80. Utafiti huo ulibadilisha ushauri wa madaktari duniani. Lakini wale walikuwa watoto ambao mzio ulikuwa bado haujawapata, na walipimwa kwanza kabla ya kulishwa. Mwanao umeshampata.

Ipo pia tiba ya kumzoesha mtoto ambaye tayari ana mzio. Dozi zake huhesabiwa kwa miligramu, ya kwanza hutolewa hospitalini, na kila dozi ikipandishwa mtoto hukaa chini ya macho ya daktari. Marekani iliidhinisha dawa ya namna hiyo ya unga wa karanga mwaka 2020. Ncha ya kidole haina kipimo. Tena tahini ni ufuta uliosagwa, protini yake yote iko wazi; zile punje zilizokuwa juu ya mkate huenda baadhi zilipita tumboni nzima nzima bila kuvunjika. Kijiko kimoja cha mezani cha tahini kina takriban gramu 2.5 za protini, na wapo watoto wanaodhurika kwa miligramu chache. Kwa hiyo usipime hatari ya tahini kwa kuangalia alivyofanywa na mkate. Inaweza kuwa kubwa zaidi.

Mweleze mama mkwe kwa heshima, na usimweleze mbele ya watu. Mwambie, "Mama, ulichosikia kipo, lakini ni cha watoto ambao hawajapata mzio. Safari ijayo ya kliniki twende wote ukamsikie daktari." Bibi aliyesikia kwa masikio yake ndiye atakayekuwa mlinzi wako mkubwa siku ukitoka.

Tuje kwenye dengu. Dada yako amesema kweli nusu. Dengu na karanga ni jamii ya kunde zote, na protini zake zinafanana kiasi cha kukidanganya kipimo cha damu. Ndiyo maana watoto wengi wenye mzio wa karanga huonekana "chanya" kwa dengu, mbaazi au njegere, na bado wakila hawadhuriki. Kipimo cha damu kinasoma kingamwili zilizopo mwilini; hakiwezi kusema mtoto akila kutatokea nini. Kinachosema hilo ni historia ya ulaji wake, na pale penye utata, jaribio la kula hatua kwa hatua hospitalini. Mwanao ana historia ndefu na nzuri ya dengu. Kwa macho yangu hilo lina uzito kuliko neno "kidogo" kwenye karatasi.

Hata hivyo sikuambii umrudishie leo usiku. Umemwachisha wiki kadhaa, ana mzio mkali wa vitu vingine viwili, na kipimo kimeonyesha kitu. Piga simu kliniki, uwaambie haya uliyoniambia, waseme kama arudie nyumbani au mbele yao. Ninalokusihi ni usiache jambo hili likalala kabatini miezi. Mtoto anayekatazwa chakula alichokuwa akikila salama, hasa mwenye mzio tayari, kuna nyakati mwili wake husahau kukivumilia, na akikirudia baadaye kinamdhuru. Wazazi wengi hudhani kukataza ni njia salama siku zote, kumbe kukataza nako kuna gharama. Na dengu si chakula cha kuchezea: gramu 100 za zilizochemshwa zina karibu gramu 9 za protini, pamoja na madini ya chuma ambayo limau husaidia mwili kuyafyonza. Mtoto aliyekwishapoteza ufuta na karanga usimpokonye na hizo bila sababu.

Sasa bakuli. Hapa ndipo nisipokubaliana na baba watoto, na ningependa asome mwenyewe.

Bakuli liwe moja. Humusi isiyo na ufuta, ya nyumba nzima, mnachovya wote. Mkiwa na mabakuli mawili mezani, moja la mtoto na moja la wakubwa lenye tahini, mmeweka sumu yake na chakula chake sentimita chache kutoka kwa kila kimoja, na vyote viwili vina rangi moja. Kipande cha mkate kinachovywa hapa, kinasahaulika, kinachovywa pale. Kijiko cha kuongezea kinabadilisha bakuli bila mtu kuona. Mgeni asiyejua anamkirimu mtoto kutoka bakuli lisilo lake. Mtoto wa miaka 4 hawezi kujilinda na hayo, na si kazi yake. Na lile swali alilomuuliza baba yake, jibu lake ni hilo hilo: akiona baba anachovya pale pale anapochovya yeye, hatauliza tena.

Najua mume wako anaipenda tahini. Hajakatazwa maisha. Anaweza kuila akiwa kazini au akitoka, anawe mikono na uso kwa sabuni na maji, na asimbusu mtoto mpaka zipite saa kadhaa na awe amekula mlo mwingine katikati, kwa sababu mabaki hukaa mdomoni. Jeli ya kusafishia mikono haitoshi. Inaua vijidudu, lakini protini ya chakula haiondoi. Sabuni na maji ndiyo dawa.

Blenda iliyokwisha kusaga tahini, ningeitoa kwenye kazi hii. Ifungue chini uone: pale kisu kinapoingia kwenye jagi kuna mpira wa kuzuia maji, na ukiuvuta kwa ncha ya kisu utakuta utando wa mafuta uliojificha chini yake, hata kama jagi limeoshwa likang'aa. Kuchemsha au kukaanga pia hakusaidii, kwa kuwa protini kubwa za ufuta huvumilia moto. Kama hamna uwezo wa kununua blenda nyingine kwa sasa, nunueni mpira na kisu vipya, jagi la kioo lisuguliwe kwa sabuni, na tahini isiingie humo tena. Mwiko wa mbao, kinu cha mbao na ubao wa kukatia uliopasukapasuka viachwe kabisa, maana vimeshakunywa mafuta ya ufuta. Ukikosa blenda, dengu zilizoiva sawasawa zinapondeka kwa uma, na watoto wengi huipenda hivyo hivyo yenye chengachenga.

Daktari akisharuhusu dengu, fanya hivi.

Nunua dengu nene, zile zenye kijincha upande mmoja, zilizofungwa kwenye pakiti yenye lebo. Za kupimwa kutoka kwenye gunia ziepuke kwa mtoto huyu, maana kikombe cha kupimia huenda kimetoka sasa hivi kwenye ufuta wa jirani. Chukua gramu 250, uzimwage kwenye sinia uzichambue kwenye mwanga, utoe mawe na kila mbegu usiyoijua. Zioshe, uziloweke usiku kucha kwenye maji mengi, mara tatu ya dengu zenyewe, pamoja na nusu kijiko cha chai cha magadi soda. Magadi soda hulegeza maganda na kulainisha punje kwa ndani. Bila hiyo humusi yako itakuwa na mchanga mchanga ulimini.

Asubuhi mwaga maji hayo, suuza, weka maji mapya na ubandike. Engua povu linalopanda. Itachukua kama saa moja, pengine zaidi kama dengu ni za zamani. Kwenye sufuria ya presha dakika 20 hivi. Usitie limau kwenye sufuria zingali zinachemka, uchachu utazifanya zigome kuiva. Na usizitoe mapema. Watu wengi huzitoa zikifikia kulika, na hapo ndipo humusi inapoharibika. Chukua moja, ibonyeze kati ya kidole gumba na cha shahada: isambae kama siagi, isibaki hata kiini kigumu cha kuhisi. Kisha mimina maji baridi juu yake, uzisugue polepole kwa viganja, maganda yaelee uyaondoe. Ila kabla ya hapo chota maji ya kuchemshia uyaweke pembeni yapoe, ni mali.

Wakati zinaiva, ponda punje moja ya kitunguu saumu ndani ya maji ya limau moja kubwa, pamoja na nusu kijiko cha chai cha chumvi, uache dakika 10. Uchachu wa limau unazuia ule ukali wa saumu usijitengeneze, na midomo ya watoto haiupendi. Chuja, utumie maji yake.

Saga dengu zingali vuguvugu pamoja na limau hiyo, kwanza bila kitu kingine, ukizima na kukwangua pembeni mpaka iwe donge zito. Hapo ndipo utie mafuta ya zeituni, vijiko 4 vya mezani, kwa uzi mwembamba blenda ikiwa inazunguka, halafu yale maji ya dengu yaliyopoa, kidogo kidogo, kiasi cha mililita 100. Maji hayo yana wanga na protini za dengu, ndiyo yatakayoshikanisha mafuta na maji kama tahini ilivyokuwa ikifanya. Iache izunguke dakika 3 au 4 nzima. Usikate tamaa mapema. Weupe na ulaini huja mwishoni.

Kuhusu mbadala wa tahini, mimi ningeanza bila mbadala wowote. Uji wa dengu unaouogopa hutokana na dengu ambazo hazijaiva vizuri na mafuta yaliyobaniwa, zikiiva vizuri uji huo hauji. Mkiizoea hiyo ndipo mwongeze ladha. Kama mtoto anatumia maziwa bila tabu, vijiko 3 vya mtindi mzito vinaipa uzito na uchachu mzuri, punguza maji tu. Kitunguu kilichokaangwa taratibu mpaka kikawa cha kahawia, kikasagwa humo, kinarudisha ile ladha ya kukaangwa ambayo mume wako ataitafuta. Mbegu za alizeti ndizo zinazokaribia tahini kuliko vyote: kaanga gramu 50 bila mafuta mpaka zinukie, uzisage mwenyewe mpaka zitoe mafuta. Lakini uliza daktari kwanza kama hajawahi kuzila, kwa kuwa alizeti nayo ina mzio wake, na usinunue siagi ya alizeti kiwandani bila kusoma lebo, viwanda vingi vya mbegu husaga na ufuta. Siagi ya lozi au korosho iache kabisa mpaka apimwe. Watoto wenye mzio wa ufuta na karanga mara nyingi huwa na wa njugu zinazozaa kwenye miti, kama hizo, pia.

Bizari nyembamba nunua nzima, uikaange na kuisaga nyumbani. Hilo nalisema kwa sababu mahususi. Mwaka 2015 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani iliwaonya watu wenye mzio mkali wa karanga wajihadhari na bizari nyembamba iliyosagwa, baada ya bidhaa kadhaa kukutwa na protini ya karanga ambayo haikuandikwa popote. Kiungo kizima unakiona kwa macho, cha unga unamwamini aliyekisaga.

Humusi hii ikae friji siku 3 au 4, juu yake mafuta kidogo isikauke. Inagandishwa vizuri pia kwenye vikopo vidogo, na hivyo ndivyo vitakavyokuokoa siku ya sherehe: unatoka na chake, kingi cha kuwagawia na wenzake.

Nje ya nyumba jifunze majina ya ufuta. Wengine huuita simsim, wengine til, na upo ndani ya zaatari, ule mchanganyiko wa viungo vya Kiarabu, ndani ya halva, ndani ya falafeli nyingi, zile bajia za dengu, na kwenye mafuta ya ufuta ambayo kwa kawaida hayasafishwi kiasi cha kuondoa protini. Usitegemee macho. Mwaka 2016 msichana wa Kiingereza wa miaka 15, Natasha Ednan-Laperouse, alifariki baada ya kula mkate ambao ufuta ulikuwa umeokwa ndani ya unga wake, hauonekani, na kifungashio hakikuutaja. Wazazi wake walipigania mpaka England ikapitisha sheria, iliyoanza Oktoba 2021, ya kuandika viambato vyote kwenye vyakula vinavyofungwa dukani hapo hapo. Umoja wa Ulaya unautaja ufuta kati ya vizio 14 vya lazima kwenye lebo, na Marekani iliuongeza kuwa wa 9 kuanzia tarehe 1 Januari 2023. Lakini sheria ya Marekani ilizaa jambo la kusikitisha: baadhi ya waoka mikate waliona ni rahisi kuongeza unga wa ufuta na kuuandika kuliko kusafisha mashine zao. Mikate iliyokuwa salama ikaacha kuwa salama. Ndiyo maana nakuambia soma lebo ya mkate wa kuchovyea kila unaponunua, hata kama ni ule ule wa wiki iliyopita.

Kalamu za adrenalini zisibaki kwenye mkoba wako peke yako. Baba, bibi, mwalimu, kila anayebaki na mtoto ajue zilipo na awe ameshika ya mazoezi isiyo na sindano. Akila kwa bahati mbaya kisha akakohoa, sauti ikabadilika, pumzi ikapiga mluzi, akatapika huku mabaka yanatoka, au akalegea ghafla, msisubiri. Kalamu kwenye paja, upande wa nje, hata juu ya nguo. Alazwe chali miguu juu. Kama kupumua kunamtesa akae ameegemezwa, lakini asisimame wala kutembezwa. Ita gari la wagonjwa. Ikipita dakika 5 bila nafuu, kalamu ya pili. Dawa ya maji ya kuzuia kuwashwa inapunguza mabaka tu, koo linalofunga hailifungui, kwa hiyo isiwe ndiyo ya kwanza. Na hata akichangamka mpelekeni hospitali, dalili zinaweza kurudi baada ya saa kadhaa.

Nimebakiza mdogo wake, na hapa utashangaa nikirudi upande wa mama mkwe. Huyu wa miezi 5 usimkinge na ufuta kwa sababu tu kaka yake unamdhuru. Ushauri wa leo ni kutowachelewesha watoto wachanga vyakula hivi wanapoanza kula, karibu na miezi 6. Ila kwa kuwa kaka yake ana mzio, na hasa kama mdogo naye ana pumu ya ngozi, daktari aamue kama apimwe kwanza. Akiruhusiwa, tahini itarudi nyumbani kwa mlango huo, na inabidi ipangiwe. Apewe iliyochanganywa na kuzimuliwa kwenye uji, kamwe isiwe nzito ya kumkaba. Mkubwa akiwa shuleni au amelala. Mtu mzima mmoja, kijiko kimoja kisichotumika kwingine, mezani pakifutwa kwa maji ya sabuni, mtoto anaoshwa uso na mikono na bibu inakwenda moja kwa moja kwenye nguo chafu. Chupa ikae juu, kwenye kasha lililofungwa na kuandikwa. Kama nyumba yenu ni ndogo na hilo haliwezekani, bibi anaweza kumlisha kwake siku anazomtembelea. Nadhani kazi hiyo ataifurahia.

Maswali ya dengu ya mkubwa na ya ufuta ya mdogo yapeleke siku moja kwa daktari yule yule. Chukua ile karatasi ya vipimo, na uandike tarehe ya mwisho mtoto alipokula dengu, zilikuwa kiasi gani na zilipikwaje, maana hilo ndilo atakalokuuliza mwanzo.

Shangazi